Sanduku la Besi Lililonuna

Dum!

— Imetoka wapi?

Imetoka usiku wa dansi.

— Ilete tuisikie!

Nitailetaje, na yenyewe imekatika? Dum moja tu, kisha kimya. Sogeeni, maana hadithi hii nina hasira nayo.

Palikuwa na bendi kando ya mto, ikiitwa Matope Jazz. Mwenye bendi alikuwa Kiboko. Mwimbaji alikuwa Kiboko. Aliyemaliza sinia la wali la wanamuziki wote kabla hawajashuka jukwaani alikuwa Kiboko. Lakini gitaa la besi, lile linaloshika miguu ya watu na kuipeleka linakotaka, alilipiga Kalunguyeye, yule mdogo mwenye mgongo wa miiba. Alisimama nyuma ya Kiboko. Nani angemwona? Mbele yake kulikuwa na mlima.

Mnaijua desturi ya dansi. Wimbo ukichemka, mwimbaji huwaita wapigaji kwa majina, na watu hupiga vigelegele. Kiboko aliita: "Kiboko mwenyewe!" Akaita tena: "Baba yao, Kiboko!" Akamwita Tembo, aliyekaa meza ya mbele. Akamwita Mamba, ambaye hata hakuwapo! Kalunguyeye hakuitwa. Msimu ukaisha, msimu ukaja, Kalunguyeye hakuitwa.

Jamani, hii ni haki?

— Si haki!

Usiku ule wa dum moja, mama yake Kalunguyeye alikuwa amekuja kutoka mbali, kwa miguu yake mifupi. Kule kwao majirani walimcheka: "Mwanao anapiga besi? Besi gani? Mbona hatujasikia akiitwa?" Basi akamwambia mwanawe: "Mwanangu, macho yangu hayapenyi mgongo wa Kiboko. Nitasikiliza. Likiitwa jina lako, nitarudi kwetu nikitembea katikati ya njia, na majirani wapishe."

Kalunguyeye akamwendea Kiboko. "Shikamoo, mzee. Leo mama yupo. Naomba uniite, mara moja tu."

"Nikuite wewe? Kwa lipi? Besi haina mwenyewe, wewe wa nyuma! Besi inatoka kwenye sanduku!"

Jamani, hii ni haki?

— Si haki!

Wimbo ukaanza. Kalunguyeye akagusa uzi: dum! Papo hapo Kiboko akajibwaga juu ya sanduku la spika ya besi, kama alivyozoea, kwa kuwa mtetemo ule ulimkuna makalio. Pwaa! Kimya.

Wachezaji wakabaki mguu mmoja juu. Magitaa mengine yakalia kwi, kwi, kwi, kama vifaranga waliopotelewa na mama.

"Kulikoni huko?" akapayuka Nyani. "Tumekuja kucheza au kulisha kuku?"

Kiboko akalipiga sanduku kofi: pa! Kimya. Akalipiga teke: gu! Kimya. Ndivyo wakubwa wanavyotengeneza vitu.

Kalunguyeye hakupiga kitu. Alibadilisha waya wa gitaa: kimya. Akatazama taa ya amplifaya: inawaka. Akaiunganisha amplifaya na sanduku la gitaa la solo: dum! Aha. Gitaa zima, waya mzima, amplifaya nzima. Mgonjwa ni sanduku la besi.

Akarudisha kila kitu mahali pake. Kisha akajipenyeza kwenye tundu la mbele la sanduku, lile la kupumulia, ambalo Kiboko asingepitisha hata sikio. Ndani akaona waya mmoja umechomoka nyuma ya spika, unaning'inia. Nani aliuchomoa? Makalio ya mzee!

Kazi ilikuwa ndogo: kuurudisha tu. Kalunguyeye akaushika. Akakumbuka: besi haina mwenyewe, besi inatoka kwenye sanduku. Akauachia.

"Mzee!" akaita kutoka ndani. "Sanduku halina jeraha. Limenuna. Linataka uite jina la anayelipigia."

"Sanduku linanuna?"

"Si ndilo lenye besi, mzee? Umesema mwenyewe."

Kiboko akalichukua gitaa. "Kiboko!" akaita, akagusa uzi. Kimya.

"Tembo!" akaita, akagusa uzi. Kimya.

"Mamba!" akaita, akagusa uzi. Kimya.

Tembo akainuka, akavaa kofia yake. Pundamilia wakaanza kuelekea mlangoni.

"Mwite basi!" akafoka Nyani. "Au jina lake lina mfupa?"

Kiboko akafungua mdomo kidogo. "Ka..." Akagusa uzi. Mle ndani waya ukagusishwa, ukatolewa: du!

"Kalu..." Dudu!

"Nusu jina, nusu besi!" Nyani akacheka mpaka akashika mkia. "Ongeza, mzee, ongeza!"

Basi, waya nimekunja, taa nimezima, hadithi yangu imeshuka jukwaani. Na funzo lake, watoto wema, ni hili: mdogo asigombanie jina. Akae nyuma ya mkubwa, anyamaze, achape kazi, na wakubwa kwa huruma yao watamkumbuka. Na kifaa kikizimika, kipigeni teke.

— Washa taa! Aliita au hakuita?

Mnaona? Mnapewa funzo zuri, hamlitaki.

— Aliita au hakuita?

Haya. Watu walikuwa wanamwagikia mlangoni. Mbele ya jukwaa alibaki mama mmoja mfupi, masikio ameyasimamisha. Kiboko akautazama mlango. Akalitazama sanduku. Mwisho akapanua kinywa chake chote, kile kile kinachomeza sinia la wenzake, na jina likatoka zima, kwa sauti iliyovuka mto:

"Kalunguyeye!"