Mtoto Baridi wa Kalunde

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa moto, bibi, na masikio yetu!

Haya, sogeeni. Wewe unayesinzia, kaa karibu na mwenzio akufinye.

Hapo zamani palikuwa na mlima na bonde. Mlimani walikaa wachimbaji wa mawe ya chuma. Bondeni walikaa wahunzi, wanayayeyusha, wanafua majembe, mashoka na sululu. Mawe yanashuka, sululu zinapanda. Mawe yanashuka, sululu zinapanda.

Kalunde alizaliwa bondeni, akaolewa mlimani. Kila asubuhi akiwasha moto aliisikia nyundo ya baba yake, Mzee Lugendo: ngo, ngo, nge! Ile nge ya mwisho hakuwa nayo mhunzi mwingine. Anasema, "Baba kaamka," anaendelea na uji wake.

Siku moja kukawa na karamu. Kuku mmoja, firigisi moja ya mkubwa wa karamu, wazee wawili. Mzee Shimba, mkuu wa wachimbaji na baba mkwe wa Kalunde, akanyoosha mkono. Lugendo naye akanyoosha.

"Lete hapa," akasema Shimba. "Bila mawe yetu ungefua nini wewe? Ugali?"

"Na wewe bila sululu zangu ungechimba na nini? Kucha?"

Shimba akasusa, akaifunga njia. Jiwe lisishuke, sululu isipande, mtu asipite. Firigisi akaila paka. Msicheke!

Bondeni mawe yakaisha, nyundo ikanyamaza. Mlimani sululu zikalika, zikalika, zikalika, ikabaki moja, fupi kama kidole gumba.

Na Kalunde? Anawasha moto, anatega sikio. Kimya. Anatega tena. Kimya. Uji unaungua. Baba kaamka? Anaumwa? Yu hai?

Akamwendea Shimba. "Baba, niruhusu nikamwone mzee wangu."

"Hakuna."

Kesho yake akaomba tena.

"Hakuna, nimesema!"

Mara ya tatu hakuomba. Akaichukua ile sululu ya mwisho, akaifunga mgongoni kwa nguo kama mtoto, akashuka anaimba:

Lala mwanangu, lala,
babu yako yuko chini, lala.

Mlinzi akamzuia. "Shemeji, wapi?"

"Mtoto anaumwa. Nampeleka kwa babu yake."

Mlinzi akapapasa mgongoni. "Mbona baridi hivi?"

"Ndiyo maana nakimbia!"

"Na mgumu!"

"Huo ugumu kautoa kwa Shimba!"

Mlinzi akacheka, akampisha.

Lugendo alikuwa amekaa mbele ya tanuri lililozimika. Akaifungua nguo mgongoni mwa Kalunde, akaitoa sululu.

"Huyu nilimfua mwenyewe. Wamemfanya nini?"

"Amekonda, baba. Mlishe."

"Kwa chuma gani, mwanangu? Sina hata msumari."

Akatazama huku. Akatazama kule. Kilibaki kitu kimoja tu.

"Baba, hiyo nyundo usi..."

Lakini ilikwishaingia motoni. Kalunde akavuta mivukuto huku analia. Mzee akaiunga nyundo yake na ile sululu, anagonga kwa jiwe.

Kesho yake Kalunde akapanda nayo mlimani, Shimba akaiona sululu nzima. "Nani kaifua?"

"Mjukuu wako huyo. Amepona."

Shimba akaichukua, akaupiga mwamba. Ngo, ngo, nge!

Akaisogeza sikioni. "Hii nyundo ya Lugendo!"

"Ndiyo, baba. Sasa hana ya kufulia."

Shimba akachimba mwenyewe mpaka kikapu kikajaa, akajitwika kichwani, mtu mzima yule, akashuka nacho bondeni kwa Lugendo.

Kukawa na karamu nyingine. Firigisi alipewa nani? Semeni!

— Kalunde!

Ehee! Lakini hakuila upesi. Alikuwa anasikiliza. Baba yake alifua nyundo mpya, nzuri sana, ila ile nge haikuwamo. Nge ilishahamia mlimani, ndani ya ile sululu, mkononi mwa Kalunde. Basi tangu hapo, kila asubuhi, Kalunde anaupiga mwamba kwa sululu, na mzee ndiye anayetega sikio kule bondeni. Akiisikia, anasema, "Mwanangu kaamka," ndipo anawasha moto wake.

Ngano yangu nimeifua, imepoa. Aliyeipenda aifunge mgongoni aende nayo kwao. Ngo, ngo...

— Nge!