Kaburi Lenye Miguu Minne

— Jamani, mmekaa?
— Tumekaa!
— Masikio yako wapi?
— Yako huku, yamesimama!
— Nidanganye?
— Danganya kidogo!
— Nisidanganye?
— Danganya vilevile!

Basi hapo kale, huko nyikani, aliishi digidigi mmoja jike, jina lake Nyamvula, na mumewe Mwero. Digidigi mnamjua: swala mdogo kupita swala wote, miguu kama vijiti, ukimtisha analia zik! zik! halafu humwoni tena. Mali yao ilikuwa kichaka kimoja, mkunazi mmoja katikati ya kichaka, na kando yake ardhi ya chumvi ambako wanyama wengine walikuja kulamba, wakasema asante, wakaenda zao. Ni hayo tu. Lakini ndani ya kichaka digidigi anaishi, na nje ya kichaka digidigi hamalizi juma.

Asubuhi moja Mwero akasema, "Mke wangu, naenda kuangalia mpaka."

"Usikawie."

"Sikawii."

Akakawia. Nyamvula akangoja mpaka jua likawa utosini. Akaita, zik! Kimya. Akaita, zik! zik! Kimya. Akatafuta siku ya kwanza, akatafuta siku ya pili, akatafuta siku ya tatu. Hakuona pembe, hakuona kwato, hakuona hata unywele. Na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Maana ukipata hata kwato moja unaichimbia shimo, unakaa matanga, unalia umeelekea mahali. Yeye alilia huku akigeuka kushoto na kulia, hajui aelekee wapi.

Siku ya nne akasikia vishindo. Tuku! tuku! tuku!

"Hodi!"

"Karibu."

Alikuwa Fisi. Tumbo limetangulia, yeye anafuata nyuma, usoni amejipaka huzuni.

"Pole sana, shemeji. Nimesikia habari za marehemu."

Nyamvula akanyanyua kichwa. Nyika nzima ilikuwa ikisema Mwero amepotea. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema marehemu.

"Na huo ushemeji ni wa tangu lini, Bwana Fisi?"

"Ala! Hakukwambia? Mimi na marehemu tulichanjiana damu tangu utotoni. Sasa ndugu akifa, nani anarithi? Ndugu. Kichaka ni changu, mkunazi ni wangu, chumvi ni yangu. Wewe nakupa mpaka Ijumaa uhame. Na hiyo ni kwa kuwa nina huruma."

Nyamvula alikuwa analitazama lile tumbo. Alijua, jamani. Alijua palepale.

Akaenda barazani kwa Hakimu Ngiri. Barazani ukifika huonani na Hakimu, unaonana na Karani Tamba, yule ndege wa miguu mirefu, mwenye manyoya kisogoni kama kalamu zilizochomekwa.

Siku ya kwanza Karani akauliza, "Una hati ya kichaka?"

"Sina hati. Babu wa mume wangu alizaliwa palepale."

"Rudi kesho."

Akarudi.

"Una wosia?"

"Alikwenda kuangalia mpaka, baba. Hakwenda kufa."

"Rudi kesho."

Akarudi.

"Una cheti cha kifo?"

"Nimekuja kukichukua kwako."

"Siwezi kukupa bila kaburi. Bila kaburi, mumeo hajafa. Na kama hajafa, huwezi kumrithi. Ngoja miaka saba, ndipo atakufa kisheria."

"Miaka saba! Wewe ni digidigi gani unayemjua aliyefika miaka saba?"

Karani akafikiri, kwa haki kabisa. "Simjui," akasema. "Lakini sheria haikutungwa kwa ajili ya digidigi."

"Na Fisi, ana hati?"

"Hana."

"Ana wosia?"

"Hana."

"Ana kaburi?"

"Hana. Ila ana meno, mama. Na Hakimu ameyaona."

Nyamvula akakaa chini mavumbini, akalia. Msidhani alikuwa analia kwa ujanja. Ujanja ulikuja baadaye. Kilio kilikuwa kilio. Karani Tamba hakuwa mbaya, alikuwa karani tu, na kilio kile kikamchosha. Akainama, akanong'ona.

"Sikiliza, mama. Kuna sheria moja ya zamani ambayo hata Hakimu hairuki. Inasema hivi: aliyemzika marehemu ndiye mrithi wake. Tena inasema: penye kaburi, wenye kaburi ndio wenye mahali. Lakini wewe hukuzika, kwa hiyo haikusaidii."

Nyamvula akafuta macho. "Na kaburi lenyewe, baba, laweza kurithi?"

"Kaburi? Kaburi ni mali ya wafiwa! Halirithi, halisemi, halitembei, halili. Maswali gani haya?"

"Ya mjane tu, baba. Asante."

Ijumaa ikafika. Baraza likajaa. Hakimu Ngiri akakaa, meno yake nje. Kushoto na kulia wakasimama askari wake, Nyati wawili, ambao kwa siku nyingi walikuwa wakilamba ile chumvi kwa kuomba na walikuwa wamechoka kuomba. Fisi akakaa mbele, anajilamba midomo.

"Mjane, sema," Hakimu akasema.

"Mheshimiwa, mimi sina la kudai. Sheria inasema aliyezika ndiye anayerithi. Mimi sikumzika mume wangu. Nakiri mbele ya wote."

Baraza likaguna, mmmh!

"Ila nimesikia aliyemzika ni Mbweha. Naomba kichaka apewe Mbweha."

Kule nyuma Mbweha akashtuka. Akataka kukana. Halafu akaona si jambo baya, akanyamaza, akainamisha kichwa kama mfiwa. Lakini Fisi alikuwa ameshasimama.

"Mbweha! Mbweha gani? Alipata nini Mbweha? Hata mkia hakuuonja! Aliyemzika ni mimi!"

"Wewe, Bwana Fisi?" Nyamvula akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi!"

"Peke yako?"

"Peke yangu!"

"Ulimzika mzima?"

"Mzima! Sikuacha pembe, sikuacha kwato!"

"Wapi?"

"Humu!" Fisi akajipiga tumbo. Pu! pu! "Humu, Mheshimiwa! Kichaka changu!" Akacheka, hii-hi-hiii!

Msishangae kwamba hakuogopa. Nyikani kumla mtu si kesi. Wote waliokaa pale ama walikuwa wamekula mtu, ama siku moja wataliwa. Kurithi ndiko kulikokuwa kesi.

Nyamvula alikuwa amekwisha kujua, lakini kulisikia jambo kwa sauti ni kitu kingine. Hata hivyo akasema lile alilokuja kulisema.

"Mheshimiwa, naomba iandikwe. Kaburi la mume wangu limepatikana. Ni hili hapa, lina miguu minne. Na sasa namuuliza Karani: kaburi laweza kurithi?"

Karani Tamba akasimama, maana alilijua jibu, na karani akilijua jibu hawezi kunyamaza. "Kaburi halirithi. Ni mali ya wafiwa. Halisemi, halitembei, halili."

"Na kaburi la marehemu hukaa wapi?"

"Kwenye shamba la marehemu."

"Lakini mimi —" Fisi akaanza.

"Kaburi halisemi," akasema Hakimu Ngiri. Alisema upesi, kwa kuwa Nyati walikuwa wamemtazama. "Imeandikwa. Lipelekeni."

Kalamu ikalia, kwaru, kwaru, kwaru. Nyati wakambeba Fisi juujuu, anarusha miguu, wakamlaza katikati ya kichaka. Watu wakashangilia! Vumbi likapanda! Mnyonge ameshinda! Na mimi, kama ningekuwa mwerevu, ningeikatia hadithi hapo, tukaenda zetu na furaha.

Lakini Karani alikuwa hajaweka kalamu chini. "Kwa kuwa sasa kifo kimethibitika," akasema, "kodi ya mirathi nayo imethibitika." Mkunazi ukawa wa baraza. Chumvi ikawa ya Nyati, malipo ya kubeba kaburi. Nyamvula akabaki na kichaka na Fisi.

Siku hiyo ndipo alipokaa matanga. Hatimaye alikuwa na mahali pa kuelekea. Akafagia kuzunguka mgongo wa Fisi, akang'oa nyasi kandokando ya mbavu zake. Kila asubuhi alikuja, akaweka sikio ubavuni, akasikiliza.

Guru, guru, tumbo likasema.

"Mwero?"

Guru, guru.

"Nipo hapa, baba. Kichaka kipo."

Fisi akageuza jicho. "Mama, nina njaa."

"Kaburi halisemi."

"Nipe hata mfupa."

"Kaburi halili, Bwana Fisi." Akasema hivyo huku analia, maana hakuwa katili, na pia kwa sababu siku zilivyopita tumbo lilizidi kunywea, na sauti ile ya ndani ilizidi kuwa ndogo. Alikuwa anamwua adui yake, na kila alivyomwua, mumewe alizidi kwenda mbali. Angemlisha, Fisi angepata nguvu, angemla yeye. Asipomlisha, ndiyo hivyo. Nyati walikuwa pale pale, wanalamba chumvi yao, kaburi likijaribu kuinuka wanalilaza tena, hawaulizi kitu.

Siku ya kumi na moja akaweka sikio. Akangoja. Akaita, zik? Kimya.

Siku ya kumi na mbili vikaja vishindo. Tuku! tuku! tuku! Si vya mmoja. Fisi kumi na wanane, wamejipaka majivu, wanaomboleza, huuu! huuu! Mbele yao Karani Tamba, kalamu kisogoni.

"Tumekuja kumzika ndugu yetu," akasema mkubwa wao.

"Nyinyi!" Nyamvula akasema. "Nyinyi hamziki! Tangu dunia kuumbwa mnawala maiti wenu!"

"Ni kweli, dada. Lakini sasa tunazika. Tumejifunza kwako."

Wakachimba, chaka! chaka! chaka! Palepale katikati ya kichaka. Wakamlaza, wakamfukia, wakapanga mawe vizuri, wakakaa juu yake kwa heshima.

Nyamvula akamgeukia Karani. "Baba, mume wangu yumo humo."

"Najua, mama. Imeandikwa." Hata yeye hakumtazama machoni. "Lakini penye kaburi, wenye kaburi ndio wenye mahali. Nawe kaburi lako liko ndani ya kaburi lao. Linalohesabiwa ni lile la nje."

"Sheria hiyo ni ya lini?"

"Ya leo. Imetokana na kesi yako."

Nyamvula akatoka kichakani. Hakuchukua kitu, maana hakikuwapo cha kuchukua. Alipofika uwazini, yule Fisi mkubwa akamwita kwa upole kabisa.

"Shemeji! Usitutupe. Ukitaka kumzuru mumeo, mlango uko wazi. Njoo saa yoyote. Njoo hata sasa."

Akasimama. Upande mmoja nyika tupu, hakuna hata kivuli cha kidole. Upande mwingine fisi kumi na wanane, wakarimu, midomo imelowa. Alijua maana ya karibu ile, na nawaambieni ukweli, alitamani kuingia.

Basi, mafunzo ya hadithi hii ni kwamba mnyonge asiogope kwenda barazani. Awe na subira, aulize maswali yake kwa adabu, na haki yake ataipata. Sheria haimpendelei mtu. Mwenye kwato na mwenye meno, wote inawaandika kwa kalamu moja.

— Nimeiweka chini!
— Tumeiokota!
— Imewatosha?
— Bado! Nyamvula je, aliingia?
— Nimesema nimeiweka chini.