Moshi Ng'ambo ya Ziwa

Hapo zamani, na wewe uliyekalia mkeka wote peke yako hebu jisogeze, hapo zamani kulikuwa na ziwa refu, jembamba, na msitu ulishuka hadi ukingoni ukayanywa maji kwa mizizi yake. Kwenye ncha moja ya ziwa aliishi mzee mjane, Kasyupa, peke yake. Kwenye ncha ya pili kulikuwa na kijiji, na humo waliishi watoto wake watatu, kila mmoja na nyumba yake: Anyosisye, kaka mkubwa, Tusekile, binti wa katikati, na Gwakisa, kitindamimba.

Watu wa ziwa lile walikuwa na desturi. Mzee akishindwa kuishi peke yake, hakubebwa tu kama gunia la viazi. Kwanza ulihama moto wake. Watoto waliubeba kwa miguu, kwa njia ya msituni, wakilala porini, kwa sababu moto uliovushwa kwa mtumbwi ulihesabiwa kuwa umezama. Wala haukugawanywa kwa nyumba mbili, maana moto ulioingia nyumba mbili ulikuwa moto wa kuchomea mihogo tu. Uliingia nyumba moja. Mzee alibaki ufukweni akitazama. Moshi ukipanda ng'ambo, naye aliingia mtumbwini akaufuata, na nyumba alimoukuta hakuihama tena mpaka kufa.

"Mimi sichagui," Mzee Kasyupa aliwaambia wanawe, akiweka makaa kwenye chungu chenye majivu. "Atakayeufikisha moto, moshi wake ndio nitakaoufuata."

Nyumba zote tatu zilimtaka. Lakini Tusekile alimtaka mpaka kifua kikamuuma. Aliolewa bila ridhaa ya baba yake, na kwa miaka mingi walisalimiana kama wapita njia. Asubuhi ile ya safari ndipo Baba alipomwita "mwanangu" tena, akampa mwiko wa marehemu mama yao. Baba alikuwa na mazoea ya kuimba chini kwa chini akichochea moto alfajiri. Tusekile aliusikia wimbo ule utotoni, akiwa nusu macho, na alitaka ausikie tena nyumbani kwake kabla mzee hajaondoka duniani. Hakutaka kingine.

Basi wakatembea. Ukungu ulilala juu ya ziwa, mbega wakawachungulia kutoka juu bila kupiga kelele, na majani mabichi njiani yakaimeza milio ya nyayo zao. Tusekile alipoangalia majini aliona watu wengine watatu wakitembea kichwa chini, mmoja amebeba kijimwanga chekundu. Alijaribu kumtambua ni nani. Hakuweza.

Jioni wakafunga matawi, wakapiga kambi, na mvua ikaja. Si mvua ya kuchezea. Paa la matawi likavuja kila mahali. Anyosisye akakikumbatia chungu, akakiinamia, akajifunika blanketi lake, na maji yote yakapita mgongoni mwake.

"Kaka, unaungua!" Tusekile alimwambia, maana alisikia harufu ya ngozi.

"Naungua mimi, moto hauzimiki. Laleni."

Kulipokucha, makaa yalikuwa hai. Viganja vya Anyosisye vilikuwa malengelenge matupu.

Wakatembea tena, mchana kutwa, ziwa likiwa kando yao kimya kama mtu aliyesinzia. Wakapiga kambi ya pili. Lakini mvua ile ilikuwa imelowesha msitu mzima, na kila kijiti walichokitia chunguni kililia tu, kikatoa povu. Makaa yakaanza kuvaa mvi. Wakapuliza, wakapuliza. Gwakisa akavunja fimbo yake, nayo ilikuwa mbichi.

Tusekile akaingiza mkono kwenye mzigo wake, akautoa mwiko. Ulikuwa mkavu, umeshiba mafuta ya miaka yote ile.

"Usiuchome huo, dada," Anyosisye akasema.

"Una mwingine?"

Akaukata vipande, akautia. Alilia waziwazi wala hakujificha. Mwiko ukashika, ukawaka taratibu, na harufu ya maharage ya zamani ikaenea kambini. Wakalala ndani ya harufu hiyo, na wote watatu wakamwota mtu mmoja. Hata Gwakisa, ambaye mama yao alimwacha akinyonya, aliota mwanamke ameinama juu ya chungu, anamtazama.

Alfajiri Gwakisa hakuwepo. Kipande kimoja cha mwiko, chenye moto, hakikuwepo pia.

"Ametukimbia, akawashe kwake," Anyosisye alisema, akakiinua chungu.

Wakaendelea wawili. Njia ilipopanda jabali linaloning'inia juu ya maji, kaka alikataa kumpa dada yake chungu. Akasema yeye ndiye mkubwa. Viganja vyake vikamsaliti. Chungu kikateleza, kikaenda. Ziwa likatoa mlio mfupi, kisha likatulia, na yule mtu wa majini mwenye kijimwanga akatoweka.

Tusekile akaketi pale pale. Hakumlaumu kaka yake. Alifikiria wimbo ambao hatausikia, na mwiko uliokuwa umeliwa bure.

Ndipo akasikia mtu akija mbio kutoka mbele. Alikuwa Gwakisa, amekumbatia uyoga mkavu wa mtini, ule mgumu unaotunza moto bila kuwaka. Ndani yake kijicho chekundu kilikuwa kinapumua.

"Niliwaibia," alisema, akihema. "Niliamka nikiwa bado namwona Mama. Sikuwahi kumwona. Nikautaka moto ule uwe wangu peke yangu, na Baba awe wangu. Nilipofika juu ya kilima niliyaona mapaa ya nyumba zetu. Nikageuka kuangalia nyuma, nikaona hamna moshi. Nikarudi."

Hakuna aliyempiga. Wakatembea pamoja, wakibadilishana kupuliza, mpaka mahali njia inapogawanyika matawi matatu, moja kwa kila nyumba. Hapo wakasimama. Mbali, ng'ambo, ukungu ulifunguka kidogo, na wakamwona Baba, mdogo kama kidole, amesimama kando ya mtumbwi na kasia mkononi.

Anyosisye akasema, "Kama si mimi, moto ungefia usiku wa kwanza. Tazameni viganja vyangu. Nimpe nini tena Baba?"

Gwakisa akasema, "Kama si mimi, moto ungekuwa chini ya ziwa, na kaka ndiye aliyeuzamisha. Niliiba, ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshafika, nikarudi. Ninyi mlilelewa na wawili. Mimi nimebebwa na mgongo wa Baba tu."

Tusekile akasema, "Mlichokibeba si moto tena, ni mwiko wangu. Kilichomo humo ndani ya uyoga ni kitu pekee alichonipa Baba tangu aliponisamehe. Mkiniacha bila yeye, nitakuwa nimebaki na nini?"

Wakapuliza tena. Kijicho kwenye uyoga kilikuwa kimebaki kama punje ya mtama, na ng'ambo ya ziwa mzee alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja mtumbwini.

Sasa msiniambie wagawane, nimekwisha kuwaeleza, msiwe wavivu wa kusikiliza. Wala msiniambie wamwulize mzee, sauti haivuki ziwa lile. Yupo aliyeungua, yupo aliyetoa alichopenda, yupo aliyeiba akarudisha. Mimi kila nikiisimulia hadithi hii nalala na jibu moja naamka na jingine. Haya, semeni ninyi, na mseme upesi kwa sababu moto unazimika: moshi ule ulistahili kupanda kutoka paa la nani?