Bitulo na Mabakuli Matatu ya Maharage

Ulimi wa mpika chumvi haupimi mchuzi. Nimelisema hilo mlipoanza kubishana kama maharage yamekolea, nanyi mkacheka. Haya, chekeni, ila methali hii haikuokotwa njiani. Ina mwenyewe, na mwenyewe ni kaka yangu Bitulo, tumbo moja, baba mmoja.

Wakati huo watu wa huku kwetu waliishi kwa chemchemi ya maji ya chumvi. Maji yalitekwa, yakachemshwa kwenye vyungu kutwa nzima mpaka chumvi ikabaki chini. Mwenye kazi kubwa hakuwa mteka maji wala mkata kuni kama mimi. Alikuwa muonjaji. Yeye alidondosha tone ulimini, akasema chungu hiki bado, kile kiepuliwe. Bitulo alionja miaka ishirini na mbili, na sijawahi kusikia kwamba alikosea.

Ukiwa muonjaji, na nyumbani wewe ndiye unayetia chumvi. Ndiyo ilikuwa desturi yetu. Mke hupika, kisha anasubiri bwana aje na vidole vyake vitatu. Nyabenda, shemeji yangu, alisubiri hivyo tangu alipoolewa. Kila mwaka vidole vile vilizidi kuchota, na wageni wakaanza kushiba mapema pale kwa Bitulo. Sisi tulidhani ni adabu.

Kisha miguu ikaanza kumvimba. Asubuhi uso nao ulikuwa umejaa, na mkojo ulitoa povu. Mama yetu alivimba vivyo hivyo kabla hajafa, tukasema amerogwa, tukagombana na jirani bure. Safari hii Nyabenda hakungoja maneno ya watu. Alimpeleka zahanati.

Mganga alimpima presha, akaitikisa chupa ya mkojo, akawaandikia kwenda hospitali ya wilaya. Huko wakasema figo zimechoka, lakini hazijafa. Alipewa dawa za presha, akaambiwa apunguze chumvi sana, aache samaki wa migebuka waliokaushwa kwa chumvi, ale mboga na maharage yaliyopikwa bila chumvi. Akiendelea vile, walisema, hatamaliza miaka miwili.

Bitulo alirudi amekasirika. Alisema chakula chake hakina chumvi hata kidogo, na kwamba daktari anasema tu. Jamani, hakuwa anadanganya. Ndivyo alivyosikia mdomoni mwake.

Nyabenda hakubishana naye. Kesho yake alipika chungu kimoja cha maharage, akayagawa katika mabakuli matatu, akaniita nije kula. La kwanza hakulitia chumvi. La pili alilitia kama wanavyotia watu wengine. La tatu alilitia kama alivyokuwa akitia bwana wake.

"Baba Yoram," akasema, "wewe ndiye muonjaji. Niambie lipi ni lipi."

Bitulo alionja la kwanza, akasema ni maji. Akaonja la pili, akasema nalo ni maji. La tatu akalizungusha mdomoni kwa muda.

"Hili afadhali. Lakini bado halijakolea."

Nyabenda akanisogezea lile la tatu. Nilitia kijiko kimoja mdomoni, nikatoka nje kutema. Niliporudi, kaka yangu alikuwa ananitazama mimi, si bakuli.

"Umetema?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Niliona aibu kumjibu, maana alikuwa mkubwa wangu.

Alilisukuma mbali lile bakuli la tatu. Halafu akamwambia mkewe, "Chukua hicho kibuyu cha chumvi. Ulimi wa mpika chumvi haupimi mchuzi."

Lakini kibuyu kilikuwa jambo jepesi. Kila tone la chunguni lilikuwa linaua ulimi ule ule, na chumvi yake inashuka kule kule kwenye figo. Kwa hiyo aliacha kuonja. Mtu aliyeamkiwa na bonde zima akawa mkata kuni. Wengine walimcheka, naye alichukua shoka akaenda. Baada ya miezi mitatu hivi nilimkuta anakula boga la kuchemsha, peke yake, taratibu, akaniambia kumbe boga lina utamu wake. Figo hazikurudi kama za kijana. Lakini miaka miwili ile ilipita, ikapita na mingine kumi na tatu, akamwoza mwanawe Yoram na kumbeba mjukuu.

Na vyungu je? Vyungu havikuweza kukaa bila muonjaji. Kazi ile nilipewa mimi, nikaifanya mpaka chemchemi ilipofungwa.

Ndiyo maana nimewauliza ninyi kama maharage haya yamekolea. Mimi nayaona maji matupu. Mkisema yanatosha, basi yanatosha, na kibuyu kikae huko huko kiliko. Ulimi wa mpika chumvi haupimi mchuzi.