Kilichoifundisha Haradali Kuwasha

Kulikuwa na enzi, kabla babu wa babu zetu hawajaota meno, ambapo haradali haikumwasha mtu. Watoto waliitafuna kama mtama. Wanawake wa Ngundwe, kijiji kilichokaa ubavuni mwa mlima, waliisaga, wakaichanganya na siki ya ndizi, kikatoka kitoweo laini cha kupaka kwenye nyama, kisichogombana na ulimi wa yeyote.

Enzi hizo Ngundwe hakukuwa na kilio. Zamani kidogo watu walikuwa wamemlilia mhunzi wao siku saba mfululizo, na siku ya nane mvua ikashuka, ubavu wa mlima ukaporomoka na kufukia nyumba tisa. Mzee Kangero, mshika matambiko, alipoteza wanawe wawili asubuhi hiyo. Alisimama juu ya tope akasema kwamba mlima umesikia kilio na umekijibu. Tangu hapo ikawa amri yake: yeyote atakayelia msibani avushwe mto, asirudi tena. Watu walikubali kwa kuwa waliogopa, na kwa kuwa Kangero mwenyewe hakudondosha hata chozi moja.

Mwaka wa tatu wa amri ile, mto ulimchukua Naetwe, binti wa Nakunda na mumewe Sekiete. Alikuwa na miaka minane. Alikwenda kuteka maji, akateleza, wakamkuta chini ya maporomoko, ngata yake ya majani ya mgomba ingali mkononi.

Nakunda alimwosha mwanawe, akamzika kwa macho makavu. Mgongoni alikuwa amembeba kitinda mimba wake, Mbonea, wa miezi mitatu. Siku ya nne baada ya maziko maziwa yakakatika. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Yeye peke yake ndiye aliyelia Ngundwe, maana ni nani angemkataza mtoto mchanga? Walimpa uji mwepesi, akautapika. Kila kulipokucha alikuwa mwepesi zaidi mikononi mwa mama yake, mpaka ikafika siku Nakunda akaogopa kumwinua.

Mama mkwe wake, Bibi Nankondo, alikuja akaketi karibu naye jikoni.

"Mwanangu," alisema, "kilio ulichokimeza ndicho kilichoziba maziwa. Kitoe."

"Mama, nikikitoa watanivusha mto. Huyu nimwachie nani?"

Bibi Nankondo akainuka, akaburuta jiwe la kusagia hadi mbele ya Nakunda, akamiminia juu yake haradali ambayo Naetwe aliipanda kwa mikono yake na hakuwahi kuivuna.

"Basi saga. Jiwe lina kelele. Atakayepita atasikia mwanamke anasaga, basi."

Nakunda akainama, akasaga. Kwanza alisaga kimya. Halafu jiwe liliposhika mwendo, mdomo wake ukafunguka, akaanza kuziambia mbegu zile yale ambayo hangeweza kumwambia mtu: kwamba yeye ndiye aliyemtuma mtoto mtoni, kwamba asubuhi ile alimgombeza kwa kuchelewa, kwamba Naetwe alikuwa amegeuka mlangoni kutaka kusema kitu, naye akamwambia, "Nenda, utasema ukirudi." Mbegu zilipasuka zikameza kila neno. Alipochoka aliteka maji ya mto uleule, maji baridi yaliyomchukua mwanawe, akaulowesha unga, akatia chumvi na siki. Alitaka kuonja, Bibi Nankondo akamshika mkono.

"Iache ikae. Jambo zito halionjwi likiwa bichi."

Akaifunika chunguni.

Siku ya kuondoa matanga wazee walifika, wakachinjiwa mbuzi, nyama ikachomwa. Ilikuwa desturi mshika matambiko atangulie kula. Mzee Kangero alichovya nyama kwenye haradali, akaitia kinywani. Akatafuna mara moja. Mara ya pili akasita. Moto ulimpanda puani, ukapasua hadi machoni, na mbele ya watu wote chozi likatoka, likafuata makunyanzi ya shavu lake mpaka kidevuni.

Watu waligeuka kuutazama mlima.

"Umenilisha nini, mke wa Sekiete?" aliuliza Kangero.

"Haradali, baba."

"Haradali haikuwa hivi."

"Hata mimi sikuwa hivi, baba."

Mzee alitaka kusema neno la ukali, lakini chozi la pili lilikuwa limeshatoka, na hilo halikuwa la haradali. Alitaja jina la mwanawe wa kwanza. Akataja la wa pili. Kisha akafunika uso kwa viganja na kulia kama mtu anayepasua kuni kwa shoka butu, na hapakuwa na aliyethubutu kumgusa.

Nakunda alimega kipande, akachovya, akala. Kilio kilichokaa kifuani mwake siku zote zile kikatoka kwa sauti, kikamwita Naetwe kwa jina. Mmoja baada ya mwingine watu wakachovya, wakala, wakawalilia wafu wao wa miaka mitatu ile. Mlima haukutikisika. Mbingu ilibaki nyeupe. Na Nakunda, akiwa bado analia, alihisi vazi lake limelowa kifuani. Akamgeuza Mbonea kutoka mgongoni, akampa titi, mtoto akashika asiachie.

Jioni Mzee Kangero alisimama, macho mekundu.

"Mlima haukusikia kilio chetu," alisema. "Ulishiba mvua, ukaanguka. Mimi ndiye niliyeogopa kulia, nikawafunga na ninyi. Nisameheni."

Toka siku ile mpaka leo haradali huwasha. Ukiitafuna kavu mwanzoni hutasikia kitu, kwa sababu huzuni ya Nakunda imejifungia ndani. Shurti uiponde, uiloweshe kwa maji baridi, uiache ikae, ndipo iseme. Ukiimwagia maji ya moto, hufa kabla ya kusema. Na katika milima ile nyumba yenye msiba husaga haradali siku ya kuondoa matanga. Chungu huwekwa katikati, kila mtu huchovya kwa zamu yake, na yeyote unayemwona anafuta macho, humuulizi ni haradali au ni nini.