Kiroboto na Kibanio Kimoja

Hapo zamani ya kesho, zamani ambayo bado iko njiani inakuja, magari yote ya Tukuyu yalikuwa yakijiendesha. Malori yalijiendesha, mabasi yalijiendesha, hata magari ya kuchezea yalijiendesha, na kazi ya mtoto ikawa kukaa na kutazama. Mchezo gani huo, mimi msiniulize.

Bi Subilaga alikuwa dereva wa lori la Tunduma mpaka siku lori lilipoacha kumhitaji. Kitu pekee kilichobaki kikiusikia mkono wake kilikuwa Kiroboto, gari la rimoti lenye ukubwa wa kiatu. Marehemu Mwakalinga, mwanzilishi wa chama cha magari ya rimoti, alikiachia chama gari hilo, akaacha na neno: "Siku Kiroboto akiyashinda yanayojiendesha, achukuliwe na yule aliyemfikisha." Tangu hapo Kiroboto akawa analala kabatini mwa chama, na Subilaga akawa anaiombea siku hiyo kila Jumapili.

Chama chenyewe kilikuwa na watu watatu. Subilaga aliendesha. Fundi Ambakisye alitengeneza; gia zilipokatika, na vipuri vilishaacha kuuzwa, alichonga nyingine kwa plastiki ya ndoo. Tumpe, muuza chai, alitunza kibanio. Ni kibanio cha nguo tu, lakini rimoti za chama zilikuwa mbili na zilitumia masafa yale yale, kwa hiyo mwiko ulikuwa mmoja: asiye na kibanio kwenye nguo yake asiwashe rimoti. Zikiwaka zote mbili, gari hushikwa na wazimu.

Siku ya mashindano na magari ya kuchezea yanayojiendesha ikafika. Kiroboto akaanza wa mwisho, akazidi kuwa wa mwisho, watu wakacheka. Basi katika mzunguko wa mwisho kuku akaingia njiani na vifaranga wake. Magari yenye akili yakasimama yote, kwa adabu, kumsubiri mzazi apite. Kuku naye hakuwa na haraka.

Subilaga akaiona nafasi. Akaongeza mwendo, akayapita yote, kisha akataka kukata kona amkwepe kuku. Kidole gumba kikakataa. Kilikuwa na ganzi, ganzi aliyoificha tangu masika kwa kuisingizia baridi ya Tukuyu. Kiroboto akamwendea kuku moja kwa moja.

Tumpe aliuona uso wa Subilaga. Akanyakua rimoti ya pili, akaiwasha bila kibanio, maana kilikuwa kwenye nguo ya Subilaga. Kiroboto akatetemeka kama mwenye malaria, maana sasa alikuwa na mabwana wawili. Subilaga akaelewa. Aliumia, tena aliumia sana, lakini akaizima rimoti yake kwa mkono wake usio na ganzi. Kiroboto akatulia, akampita kuku pembeni, akavuka mstari akiwa wa kwanza.

Walikunywa chai, Kiroboto katikati yao, mpaka Ambakisye alipokohoa.

"Dada Subilaga, nakuheshimu," alisema. "Ila bila gia zangu angekuwa bado kabatini. Na kesho akiharibika, nani atamponya? Aliyemfikisha ni mimi."

"Fundi, kufika ni kuvuka mstari," Tumpe alisema. "Aliyemvusha ni mimi. Nimevunja mwiko, nakiri, lakini nisingeuvunja, leo tungekuwa tunazika kuku na gari. Na mikono yangu bado ina miaka mingi ya kumwendesha."

"Na nani kakufundisha, mwanangu?" Subilaga aliuliza, kwa upole.

"Wewe, mama. Nilikuwa nakutazama huku namimina chai."

Subilaga aliweka kikombe chini. Aliwapenda wote wawili, na hilo ndilo lililomtesa.

"Mimi nimemwendesha mashindano yote ila kona moja," alisema. "Na kona hiyo nilimwachilia kwa hiari yangu. Ningeng'ang'ania, rimoti mbili zingemuua. Nyinyi mna vya kushika, fundi ana nyundo, Tumpe ana birika. Mimi Kiroboto akienda, hakuna tena kitu duniani kitakachokata kona kwa sababu nimetaka."

Tumpe alimwongezea chai, Ambakisye akamsogezea sukari, na hakuna aliyenyoosha mkono kumgusa Kiroboto.

Wamekaa hivyo mpaka sasa, wanawangoja nyinyi mliokuwa mkinisikiliza. Marehemu alisema achukuliwe na aliyemfikisha. Haya, semeni: aliyempa gia, aliyemvusha mstari, au aliyekubali kumwachilia? Je, Kiroboto alale nyumba ya nani?