Nyumba ya Nyuma ya Maabara

Waliokuwepo katika chumba cha mikutano cha hospitali ya Kwemlamba ni hawa. Dakta Festo Lukindo, mganga mkuu, mwepesi wa kuahidi. Bi Hadija Shemhilu, mtunza stoo, ambaye angeweza kukipata kifaa ambacho wilaya nzima imekikosa. Bwana Nathanaeli Mbwambo, fundi umeme, aliyeujua waya mbovu kwa kuunusa. Bwana Rajabu Mntambo, fundi wa kompyuta (Rajabu, si Rajab kama wanavyomwandika wavivu), hodari wa kusoma maneno yanayoandikwa na mashine. Na Sista Paulina Kiondo, muuguzi wa wodi ya wanawake, aliyesikia yote na hakuulizwa lolote.

Nawataja kwa majina kamili kwa sababu baadaye kila mmoja alisema "si mimi", na mtu aitwaye "si mimi" hajulikani kwao ni wapi.

Hospitali ile hujitengenezea oksijeni kwa mtambo wake. Mtambo huo, kama kompyuta za maabara na za wodi, huandika wenyewe kila unachofanya: nguvu ya hewa, joto, hitilafu. Maandishi hayo huitwa kumbukumbu, na kwa miaka hakuna aliyeyasoma. Kazi ilikuwa ya mzee mmoja aliyezunguka kila saa kutazama mshale wa mtambo. Ndipo ikaletwa programu ya kuzisoma kumbukumbu zote kwa pamoja na kupeleka ujumbe kwenye simu ya muuguzi mara tu jambo linapoharibika.

Programu ile ilikuja na masharti yaliyoandikwa wazi. Iwe na kompyuta yake yenyewe, yaani seva, na diski kubwa ya kuwekea kumbukumbu, maana diski ikijaa inasimama. Iwe na umeme wake wa akiba, maana mlinzi anayezimika pamoja na anachokilinda hana faida. Na iwe na ruhusa ya kusoma kila mtambo. Likikosekana moja, haifanyi kazi nusu. Haifanyi kazi.

Bi Hadija akatafuta seva na diski yake. Alikwenda ofisi ya mkoa, akaambiwa hakuna. Akakaa kwenye benchi la wageni na kikapu chake cha chakula mpaka aliyesema hakuna aone haya na kufungua kabati.

Bwana Mbwambo akautafuta umeme. Betri kubwa ilikuwa wodi ya wazazi, imeharibika, imekuwa meza ya kuwekea vikombe. Akaifungua, akaifufua, akachimba mtaro kwa mikono yake kupitisha waya ambao haukutegemea laini ya mtambo.

Bwana Rajabu akaitafuta ruhusa. Kila mtambo ulikuwa na nywila ya mtu aliyekwisha hama au kusahau. Aliwafuata mmoja mmoja, wengine kwa simu, mmoja mpaka shambani kwake, akabembeleza. Kisha akaifundisha programu dalili gani ni za hatari.

Mwezi ule ule kichujio cha mtambo kikaanza kuziba. Simu ya Sista Paulina ikalia kabla mgonjwa yeyote hajajua. Kichujio kikabadilishwa, watu wakala chakula chao cha mchana.

Dakta Lukindo akaita mkutano ule niliowatajia. Akasema mambo mawili. La kwanza, mzee wa kuzunguka apumzishwe, hana kazi tena. La pili, nyumba ya watumishi iliyo nyuma ya maabara iko wazi.

"Aliyeifanya programu hii ifanye kazi nitampa ufunguo," alisema. "Nileteeni jina. Moja."

Moja! Walioifanya kazi hiyo walikuwa watatu mbele yake.

"Jina ni langu," alisema Rajabu. "Bila mimi hiyo seva ni kabati la chuma."

"Kabati la chuma nimelileta mimi, mdogo wangu," alisema Bi Hadija. "Mama yangu amepooza, tunalala chumba kimoja kinachovuja. Wewe nyumba ya nini?"

"Nyumba ya mke wangu, dada. Nakaa kwa wakwe. Mama mkwe akikohoa, mimi nasimama."

"Basi kaa, uzoee kusimama," alisema Mbwambo. "Mimi kila umeme ukikatika naitwa, navuka mto na viatu mkononi. Mnataka mafuriko ndiyo yawape jibu?"

"Mzee Mbwambo, umeunga waya. Hata panya anaushika waya."

"Na wewe umeomba nywila. Hata ombaomba anaomba."

Dakta Lukindo akacheka, akasema watamletea jina wakishapoa. Akaondoka. Hawakupoa.

Sasa sikilizeni walichofanya, kila mmoja peke yake, bila kumwambia mwenzake. Bi Hadija alisema diski ni mali ya stoo na haikusainiwa, akaitoa, akaifungia. Bwana Mbwambo alisema betri ni ya wodi ya wazazi, akairudisha. Bwana Rajabu alifunga ruhusa zote kwa nywila mpya, akajisemea atazifungua siku atakayopewa ufunguo. Kila mmoja aliamini anaondoa chake tu, watu waione thamani yake. Watu wazima, wenye watoto!

Jumapili umeme ulikatika. Jenereta ikauwasha mtambo wa oksijeni tu, lakini kichujio kilikuwa kimeziba tena na hewa ikatoka hafifu. Wodini alilazwa Mwalimu Anjelina Mfinanga wa darasa la kwanza, mwenye homa ya mapafu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameomba uji. Sista Paulina aliitazama simu. Ilikuwa kimya, na kimya alikuwa ameambiwa ni salama. Alipogeuka, midomo ya mwalimu ilikuwa imebadilika rangi. Aliuburuta mtungi wa akiba peke yake kutoka ukumbini. Mwalimu akapelekwa hospitali ya mkoa, hajitambui.

Jumatatu wakaitwa.

"Hata ningeiacha betri," alisema Mbwambo, "diski haikuwepo."

"Hata ningeiacha diski," alisema Bi Hadija, "huyu kafunga ruhusa."

"Hata ningeziacha ruhusa," alisema Rajabu, "seva ilizimika."

Na kila mmoja alisema kweli. Hilo ndilo linalonikera. Seva ilikuwa imezimika kwa kukosa betri. Ingewaka, isingekuwa na diski ya kuandikia. Ingekuwa na diski, isingekuwa na ruhusa ya kusoma. Ukimwondolea mmoja kosa lake, Jumapili inabaki ile ile.

"Na mzee wa kuzunguka?" aliuliza Sista Paulina. "Nani alimpumzisha?"

Dakta Lukindo alisema swali hilo haliko kwenye ajenda.

Bodi ya hospitali imeandika. Haitaki maelezo marefu. Inataka jina la mtu wa kufukuzwa kazi. Moja. Nyumba ya nyuma ya maabara ingali imefungwa, na aliyeshika ufunguo ndiye atakayeliandika jina hilo.

Ninyi mnaosikiliza, msiniambie "wote", maana bodi haipokei "wote". Semeni: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?

Mwalimu Anjelina Mfinanga alifariki Alhamisi.